Tenere 660 ya 2010 au Tenere 700 ya 2021: ipi kwa mtu wa Masasi?

Swali la msomaji: "Naishi Masasi na kazi yangu ni ukaguzi wa maghala ya korosho. Kila wiki naenda Newala au Nachingwea, mara mbili kwa mwezi Liwale, mara moja moja Tunduru, na karibu kila mwezi Dar. Safari ya Dar mara nyingi nampakia mke wangu. Nimepata pikipiki mbili: Yamaha XT660Z Tenere ya 2010 iliyotembea kilomita 48,000, na Tenere 700 ya 2021 yenye kilomita 19,000. Tofauti ya bei inazidi milioni 10. Mafundi hapa wamegawanyika. Nichukue ipi?"

Jibu: Kaka, kwa safari ulizozitaja chukua 660, mradi ipite ukaguzi wa sehemu tatu: injini, habu na mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi la nyuma), na umeme. Ikianguka hata kwenye moja, iache, ongeza pesa uchukue 700. Najua wengi watakuambia kinyume, kwa hiyo nitaeleza hesabu yake.

XT660Z ilitoka mwaka 2008, na Ulaya ikaachwa kuuzwa mwaka 2016 kanuni za moshi za Euro 4 zilipobana. Ni silinda moja ya cc 660, gia 5, nguvu za farasi kama 48, torki (nguvu ya kuvuta) Nm 58 kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika. Tenere 700 iliingia sokoni mwaka 2019 na injini ya silinda mbili ya cc 689, gia 6, farasi 73, torki Nm 68 kwenye mizunguko 6,500. Uzito haziachani: zote zinazungukia kilo 205 zikiwa na mafuta, na 660 inabeba lita 23 wakati 700 inabeba lita 16. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mpya ni nyepesi, mwambie akasome kipimo. Wepesi anaousikia akiiendesha upo kweli, ila unatokana na mahali uzito ulipokaa. 660 ikiwa na tangi lililojaa uzito unakaa juu, na mtu anausikia anapogeuza pikipiki kwenye mchanga akiwa amesimama mguu chini.

Farasi 73 ndicho kitu ambacho wauzaji hukisifia kwanza, na kwako ndicho chenye uzito mdogo kuliko vyote. Kati ya Mingoyo na Dar kila kijiji kina kibao cha 50 na tochi za trafiki haziko mbali. Ukitoka kijijini unatembea 80 au 90, basi. Nguvu ya ziada utaihitaji ukipita lori la korosho linalopanda mlima au basi lililokutimulia vumbi. Hapo 700 inapita kwa umbali mfupi zaidi, na huo ni usalama, siupuuzi. Lakini 660 nayo inapita ukishusha gia moja mapema. Tatizo lake ni mwendo wa chini: ukiwa gia ya nne chini ya mizunguko kama 3,000, silinda moja inashtuka na cheni inapiga. Wengi hudhani injini imekufa, kumbe mchanganyiko wa petroli na hewa uliwekwa mwembamba kiwandani ili upite kipimo cha moshi. Shusha gia, iache izunguke, inatulia.

Sasa mafuta, ambayo ndiyo yaliyonifanya niegemee kwenye la zamani. Kwenye lami kwa mwendo wa 80 hadi 90, zote zinakwenda kilomita 20 hadi 22 kwa lita. Ukiwa na mzigo kwenye barabara ya vumbi yenye mchanga, hesabu kilomita 17 au 18. Masasi hadi Liwale kupitia Nachingwea ni kilomita kama 175, kwenda na kurudi 350. Lita 16 mara 18 ni 288. Lita 23 mara 17 ni 391. Maana yake 660 inakwenda Liwale na kurudi kwa petroli uliyoijaza Masasi, na 700 inaishiwa njiani ukirudi. Ukiwa na 700 utalazimika kujaza Liwale kila safari, na siku kituo kikikauka unanunua petroli ya chupa kijijini. Petroli ya chupa ndiyo inayoharibu pikipiki za sindano, yaani zisizo na kabureta. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, au chupa imekaa juani na vumbi limeingia, kabureta ya Boxer inaweza kuvumilia na ukaisafisha mwenyewe kwa nusu saa. Pikipiki hizi mbili zina pampu ya umeme ndani ya tangi na sindano zenye matundu membamba sana. Uchafu ukipita pale, pikipiki inakohoa kuanzia mwendo wa kati kwenda juu, na kuifungua si kazi ya kando ya barabara. Ukilazimika kununua ya chupa, ipitishe kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili, isimame dakika tano kwenye chombo cheupe uone kama kuna maji chini, kisha uiweke juu ya petroli iliyopo tayari, usiiweke kwenye tangi lililokauka.

Ukichukua 700, dawa ni galoni ya lita 5 iliyofungwa vizuri pembeni, chini, karibu na mguu wa abiria. Usiifunge juu ya keria ya nyuma, utajuta kwenye mchanga. Usiache tangi lishuke mpaka tone la mwisho, kwa sababu pampu inapozwa na petroli inayoizunguka.

Safari ya Dar ni kama kilomita 600 kutoka Masasi. 660 unajaza mara moja njiani, Nangurukuru au Somanga. 700 unajaza mara mbili kwa amani, tuseme Lindi na Ikwiriri. Hilo si tatizo, vituo vipo. Tatizo la barabara ile ni masika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata lami eneo la Somanga, na magari yakalala foleni. Mwenye akiba ya mafuta ya kilomita 150 anaweza kugeuza au kusubiri bila kuhangaika.

Kuhusu mkeo. Siti na sehemu ya abiria ya 660 ni pana zaidi, na pikipiki ilijengwa kwa safari ndefu ya watu wawili. 700 ilijengwa ikimfikiria zaidi mtu mmoja anayeingia njia mbaya: siti nyembamba, springi laini. Weka wewe kilo 80, yeye 65, mizigo 20, jumla 165. Springi ya nyuma ya 700 ya kiwandani inazidiwa hapo. Pima mwenyewe kabla hujaamini maneno yangu. Inua pikipiki mpaka tairi la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye plastiki ya juu. Ishushe, pandeni wote wawili na mizigo, pima tena. Tairi la nyuma lina safari ya kupanda na kushuka ya milimita 200 na mnatakiwa mzame kama theluthi moja, yaani 65 hadi 70. Kaza kirungu cha kuongeza mkazo wa springi. Ikiwa umefika mwisho na bado mnazama zaidi ya 80, springi haiwafai. Mkipiga shimo itagonga mwisho, taa ya mbele itamulika matawi, na usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye kona. Kubadilisha springi ni gharama ya kuongeza kwenye bei ya 700 tangu leo, pamoja na bamba nene la chini, maana lile la kiwandani ni jembamba na nyuma yake kuna filta ya oili na mabomba ya eksozi.

Jambo moja la kuiangalia kwa makini 700: fremu ya nyuma inayobeba siti na mizigo imechomelewa moja kwa moja kwenye fremu kuu, haijafungwa kwa bolti. Ikiwa mwenye nayo aliibebesha masanduku mazito na ikaanguka, kupinda kwake ni kupinda kwa fremu nzima. Simama nyuma hatua tano, angalia kama tairi la nyuma, mkia na usukani viko mstari mmoja.

Pale ambapo 700 inaishinda 660 bila ubishi ni kwenye mchanga na kwenye breki. Mchanga wa kwenda Msimbati, au ule wa kati ya Nachingwea na Liwale kiangazi, unataka injini inayovuta taratibu bila kushtuka na usukani unaorudi wenyewe katikati. 700 inafanya hivyo. Shokapu zake za mbele za milimita 43 unaweza kuzirekebisha kubana na kurudi, na tairi la nyuma la inchi 18 linapanda matuta vizuri kuliko la inchi 17 la 660. Breki za 700 zina ABS, mfumo unaozuia tairi kufunga ukikamata breki kwa nguvu. 660 ya 2010 haina, kwa sababu ABS ilikuja kama chaguo mwaka 2011. Hili ndilo linalonisumbua zaidi kwenye ushauri wangu, na nataka ulipime kwa uzito wake. Lami ya Mtwara mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha juu ya vumbi na oili iliyomwagika inateleza vibaya, na mbuzi hawaangalii kibao. Ukichukua 660, jizoeze kukamata breki ya mbele kwa hatua mbili: kwanza bana kidogo mpaka shokapu za mbele zizame, ndipo uongeze nguvu. Ukiibamiza mara moja tairi la mbele linafunga kabla uzito haujafika pale. Na kwenye 700, kumbuka ABS huzimwa kwa kitufe pikipiki ikiwa imesimama tu, na ukizima ufunguo inajiwasha tena. Kwenye mchanga na mteremko wa kokoto izime, ukirudi kwenye lami zima na uwashe ufunguo.

Upepo wa tairi nao una kanuni yake. Zote mbili zina rimu za spoki na tyubu, inchi 21 mbele. Mchanga mzito shusha hadi psi 20, lakini usiende chini ya 18. Hakuna kibano cha kushika tairi kwenye rimu, kwa hiyo tairi likiteleza juu ya rimu linavuta tyubu na kung'oa mdomo wa kujazia upepo. Pancha hiyo haizibiki. Mafundi wa bodaboda wana tyubu za inchi 17 na 18 nyembamba tu, hazijai kwenye tairi pana kama hizi. Beba tyubu moja ya inchi 21. Ikipasuka ya nyuma, hiyo hiyo inaweza kukunjwa kidogo na kuingia nyuma ikakufikisha mjini kwa mwendo wa 50. Ya nyuma haiwezi kwenda mbele.

Matengenezo ndiyo sababu ya pili ya mimi kuitetea 660. Valvu zake zinarekebishwa kwa skrubu na nati. Injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu mwisho wa kubana, fundi anafungua vifuniko na kupitisha fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi ya valvu): za kuingiza milimita 0.09 hadi 0.13, za kutoa 0.16 hadi 0.20. Fundi makini wa Masasi ataimaliza kwa saa mbili na nusu na vifaa vya kawaida. Kwenye 700 valvu zinarekebishwa kwa vidonge vya chuma vyenye unene tofauti, na ili kuvibadilisha lazima utoe shafti mbili za juu na kurudisha cheni yake kwenye alama. Akikosea alama, valvu inaweza kugonga pistoni. Nafuu yake ni kwamba kipimo hicho hufika kila kilomita 40,000, na hii yenye 19,000 haijakaribia. Ikifika wakati huo, ipeleke Dar kwa mtu anayezijua.

Spea za injini hugeuza hesabu upande wa 700. Injini yake ni ile ile ya MT-07, XSR700 na Tracer 700, kwa hiyo zimejaa duniani na zitapatikana miaka mingi. Filta yake ya oili ni ya kufunga kwa nje, namba inayoanzia 5GH-13440, na familia hiyo hiyo ya filta hutumika kwenye injini za boti za Yamaha za mipigo minne kama F115. Ukikwama Mtwara mjini au Mikindani, uliza kwa wanaotengeneza injini za boti kabla hujaagiza Dar. 660 inatumia filta ya karatasi inayoingia ndani ya kifuniko, na injini yake ipo pia kwenye XT660R na XT660X. Agiza filta nne kwa pamoja na oringi zake. Plagi ya 660 ni NGK CR7E, moja. Za 700 ni LMAR8A-9, mbili, ndefu na zenye kichwa chembamba, hivyo soketi ya plagi ya kawaida haiingii. Nunua ya milimita 14 yenye ukuta mwembamba uiweke kwenye pakiti ya vifaa. Cheni za zote mbili hutazipata kwa bodaboda, wao wanauza saizi ya 428. 660 inataka 520, na 700 inataka 525.

Kuna kosa la oili linaloziua 660 nyingi. Injini yake huhifadhi oili kwenye tangi la pembeni, na ikilala usiku oili inashuka chini kwenye injini. Mtu anapima asubuhi, kijiti kinaonyesha pungufu, anaongeza nusu lita. Ikichemka oili imezidi, inatapikwa kwenye boksi la filta ya hewa, pikipiki inatoa moshi, na fundi anatangaza ringi zimekwisha. Kipimo sahihi: iwashe ichemke dakika kama kumi, iache izunguke kidogo bila kuongeza mafuta, izime, subiri dakika mbili tatu, pikipiki ikiwa wima pima kwa kijiti bila kukikaza. Kwenye 700 ni rahisi, angalia kioo cha pembeni injini ikiwa imezimwa dakika chache na pikipiki wima, si kwenye stendi ya pembeni.

Kama una mpango wa kusubiri 700 mpya ya 2025, yenye kioo kikubwa cha rangi na mkono wa mafuta wa kielektroniki, achana nao. Kwa Masasi, waya wa chuma wa 2021 unabadilishwa na fundi yeyote.

Sasa ukaguzi wa 660. Fika asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini, iwe baridi. Iwashe bila kuongeza mafuta: itakwenda kwa sauti ya juu kidogo kisha itulie. Moshi mweupe wa mvuke kidogo ni sawa, wa bluu unaoendelea baada ya dakika mbili ni oili inayoungua. Fungua boksi la filta ya hewa. Ukikuta dimbwi la oili, muulize anavyopima oili yake kabla hujahukumu. Sikiliza injini kwa makini: mlio mkavu wa tik-tik unaofuata mzunguko ni valvu, unarekebishika. Mlio mzito wa chini unaoongezeka ukivuta mzigo, ondoka. Iendeshe kwenye gia ya tano, ongeza mafuta ghafla ukiwa 80. Gia ikiruka, ondoka pia.

Nyuma, simamisha tairi hewani. Shika sproketi kubwa kwa mikono miwili juu na chini, itikise kama unaing'oa. 660 zinajulikana kwa kulegea hapo: raba za habu na beringi ya kibebeo cha sproketi zinaliwa, na wakati mwingine kibebeo chenyewe kinachakaa mpaka beringi mpya inacheza. Mlegeo mdogo ni raba na beringi, punguza bei. Mlegeo unaousikia ukigonga ni kibebeo, na hicho ni cha kuagiza. Kisha shika tairi, liinue na kulishusha taratibu. Ukisikia mlegeo wa milimita mbili tatu kabla shokapu haijaanza kufanya kazi, beringi za lingeji (viungo vinavyounganisha shokapu na mkono wa nyuma) zimekauka. Pikipiki ya miaka zaidi ya kumi iliyovuka mito na kuoshwa kwa presha, bila grisi humo, ni kawaida kuikuta hivyo.

Umeme unataka macho zaidi ya mkono, hasa kama pikipiki ilikaa Mtwara mjini, Mikindani au Lindi karibu na bahari. Chumvi inaingia kwenye soketi za waya. Toa siti, fungua soketi mbili tatu, hasa ile ya rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji ya betri. Shaba ikiwa ya kijani au plastiki imebadilika rangi kuwa kahawia, kuna moto unaopotea hapo. Pima betri ikiwa imezimwa, volti 12.5 au zaidi. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikipanda 15 rektifaya inakufa na itaua betri pamoja na kompyuta ndogo ya injini. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo, zenye sauti butu zimelegea au nati zake zimeliwa na kutu.

Mwisho, omba ufunguo mwekundu. Yamaha hizi zina kizuia wizi kinachosoma ufunguo, na wenye kichwa chekundu ndio wa kusajili funguo nyingine. Bila huo, siku ukipoteza ule mweusi utanunua kompyuta na seti ya funguo. Linganisha namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, na namba ya injini pia. Malipo yafanyike siku ile ile mnapobadilisha umiliki TRA, kwa mkataba ulioandikwa. Na kama leseni yako bado ni A1 uliyoichukua kwa pikipiki ndogo, panda kwanza daraja A, kwa sababu bima haitakusikiliza ukianguka na cc 660 kwenye leseni ya chini ya 125.